PostgreSQL Ikikataa Kuwaka Ndani ya WSL: Soma Logi Kabla ya Kufuta Chochote

Umefungua Ubuntu iliyo ndani ya Windows, ukaandika `psql`, na jibu ni kwamba seva haipatikani. Jana ilikuwa ikifanya kazi vizuri. Hapo wengi hukimbilia dawa moja: wanaondoa PostgreSQL yote na kuisakinisha upya. Mara nyingi seva huwaka kweli, lakini data iliyokuwemo huwa imeondoka pamoja na ile ya zamani, na chanzo cha tatizo hakijajulikana.

Mwongozo huu ni wako wewe mwanafunzi, mwalimu au mtengeneza programu unayetumia kompyuta ya Windows lakini kazi yako unaifanyia kwenye Linux kupitia WSL. Msimamo wake ni mmoja: PostgreSQL ikikataa kuwaka, huwa imeandika sababu mahali fulani. Kazi yako ya kwanza ni kwenda kuisoma.

Mifano inatumia Ubuntu 24.04, ambayo hifadhi yake rasmi ya programu hutoa PostgreSQL 16. Kwenye Ubuntu 22.04 utakuta toleo la 14. Kila utakapoona 16, weka namba ya toleo lako.

1. Hakikisha kwamba kweli haijawaka

Ujumbe wa `psql` hautoi maana moja siku zote. Usome mpaka mwisho.

Ukiona `Peer authentication failed` au `role "juma" does not exist`, seva imewaka na imekujibu. Imekukataa wewe tu. Ubuntu imepangwa hivi tangu mwanzo: anayeingia kwa `psql` tupu kutoka ndani ya mashine hiyohiyo lazima jina lake la Linux lilingane na jina la mtumiaji wa PostgreSQL. Jaribu kuingia kwa jina la mwenye seva:

`sudo -u postgres psql`

Ukifanikiwa, unachohitaji ni kujitengenezea mtumiaji, na hilo linafanywa kwa `sudo -u postgres createuser --interactive`. Huna tatizo la huduma.

Lakini ukiona `No such file or directory` pamoja na jina la soketi `/var/run/postgresql/.s.PGSQL.5432`, basi ama seva haijawaka, ama imewaka kwenye poti nyingine. Amri ya kukata shauri ni hii:

`pg_lsclusters`

Itakuonyesha kila seva ya PostgreSQL iliyosajiliwa kwenye Ubuntu yako: toleo, jina, poti, hali, mwenye folda, folda ya data na faili la logi. Hali ikiwa `online`, seva ipo. Ikiwa `down`, imezimwa au imeshindwa kuwaka. Tazama pia safu ya poti. Ukisakinisha toleo la pili huku la kwanza lingalipo, Ubuntu huipa seva mpya poti inayofuata, yaani 5433, kwa sababu 5432 ina mwenyewe. Watu wengi wamehangaika na seva iliyokuwa hai muda wote, kumbe walikuwa wakibisha poti isiyo yake. Jaribu `sudo -u postgres psql -p 5433`.

Kuna mtego mmoja hapa ambao umewapoteza hata wazoefu. Ukiandika `systemctl status postgresql` utaona `active (exited)` kwa rangi ya kijani, ukaamini mambo ni shwari. Huduma hiyo ni mwavuli tu. Kazi yake ni kuziita huduma nyingine, kisha inamaliza. Seva yenyewe ni `postgresql@16-main`, na hiyo ndiyo unayotakiwa kuiuliza hali:

`systemctl status postgresql@16-main`

2. Jua nani anawasha huduma kwenye WSL yako

Maelekezo mengi ya Linux huanza na `systemctl start`. Ndani ya WSL, amri hiyo inaweza kukujibu kwamba mfumo haukuwashwa na systemd: `System has not been booted with systemd as init system (PID 1)`. Jibu hili halihusiani na PostgreSQL kabisa.

Sababu yake iko kwenye historia ya WSL. Ilipotoka mwaka 2016, toleo la kwanza halikuwa na kerneli ya Linux. Lilikuwa likipokea maombi ya programu za Linux na kuyageuza yaeleweke kwa Windows. WSL 2 ilitangazwa mwaka 2019 na kuwafikia watumiaji wa kawaida mwaka 2020, ikiwa na kerneli halisi ndani ya mashine pepe ndogo. Hata hivyo systemd, ambayo ndiyo msimamizi wa huduma kwenye Ubuntu ya kawaida, iliruhusiwa rasmi mwezi Septemba 2022. Ndiyo maana Ubuntu iliyosakinishwa zamani inaweza kuwa haina systemd, na ya rafiki yako iliyosakinishwa juzi ikawa nayo.

Uliza mashine yako ina nani kwenye nafasi ya kwanza:

`ps -p 1 -o comm=`

Jibu likiwa `systemd`, tumia `systemctl`. Likiwa `init`, tumia njia ya zamani, ambayo bado inafanya kazi vizuri:

`sudo service postgresql start`

Ukitaka kuhamia systemd, fungua PowerShell upande wa Windows na uandike `wsl -l -v`. Safu ya mwisho ikionyesha 1, hamisha kwanza kwa `wsl --set-version Ubuntu 2`, ukitumia jina lilelile lililoonekana kwenye orodha. Kisha andika `wsl --update` kupata WSL ya karibuni. Rudi ndani ya Ubuntu, fungua faili `/etc/wsl.conf` kwa `sudo nano`, uweke mistari hii miwili:

`[boot]`
`systemd=true`

Hifadhi, rudi PowerShell, andika `wsl --shutdown`, halafu fungua Ubuntu upya. Kufunga dirisha peke yake hakutoshi, kwa sababu mashine pepe inaweza kubaki hai nyuma yake.

Walio kwenye WSL 1 wana sababu ya ziada ya kuhama. Toleo hilo halikuwa na baadhi ya maombi ya kerneli ambayo PostgreSQL huyatumia kusukuma data kwenda kwenye diski, na logi zake hujaa `could not flush dirty data: Function not implemented`. Kwa kazi ya hifadhidata, WSL 2 ndiyo chaguo sahihi.

3. Nenda kwenye logi

Sasa umejua seva haijawaka, na umejua jinsi ya kuiwasha. Iwashe mara moja tena ili sababu iandikwe upya:

`sudo pg_ctlcluster 16 main start`

Kisha soma mwisho wa logi:

`sudo tail -n 50 /var/log/postgresql/postgresql-16-main.log`

Logi ikiwa haina jambo jipya, seva ilishindwa kabla hata ya kulifikia faili hilo. Kama una systemd, soma `sudo journalctl -u postgresql@16-main -n 50`.

PostgreSQL hupanga maneno yake kwa uzito. `LOG` na `WARNING` ni taarifa na tahadhari. `FATAL` ndiyo inayozuia seva kuwaka. `PANIC` ni nzito zaidi: seva imejizima yenyewe ili isiharibu data. Tafuta `FATAL` au `PANIC` ya mwisho, kisha usiishie kwenye mstari huo. Chini yake mara nyingi kuna `DETAIL`, inayoeleza kilichotokea, na `HINT`, inayokupa ushauri. Mistari hiyo imeandikwa na watu wanaoijua seva hii kwa undani, na mara nyingi jibu lako limo humo.

4. Sababu za kawaida na tiba zake

*Poti ina mwenyewe.* Logi inasema `could not bind IPv4 address "127.0.0.1": Address already in use`. Mtafute aliyeishika:

`sudo ss -ltnp | grep 5432`

Ukimkuta ni PostgreSQL ya toleo lingine, amua ipi unaihitaji. Usipomwona mtu, angalia upande wa Windows kwa `netstat -ano | findstr 5432`, kwa kuwa WSL 1 hutumia mtandao uleule wa Windows, na WSL 2 hufanya hivyo pia ukiwa umeipanga kwenye hali ya `mirrored`. Zima huduma ya PostgreSQL ya Windows kama huitumii, au badilisha mstari wa `port` ndani ya `/etc/postgresql/16/main/postgresql.conf`.

Kwenye WSL 2 iliyoachwa na mipangilio yake ya kawaida, Linux ina mtandao wake, hivyo seva mbili zinaweza kushika 5432 bila kugombana. Tatizo huja kwa sura nyingine: programu ya Windows inaunganishwa na `localhost`, inapokewa na seva ya Windows badala ya ile ya Linux, nawe unaambiwa neno la siri si sahihi ilhali una uhakika nalo. Ukikutana na hilo, hesabu seva zako kwanza kabla ya kubadilisha neno la siri.

*Ruhusa za folda.* Logi inasema folda ya data `has invalid permissions` na kwamba ruhusa ziwe 0700 au 0750. PostgreSQL hukataa kuwaka kama watumiaji wengine wanaweza kuifungua folda yake ya data, na ina haki. Hutokea pale mtu alipotumia `chmod 777` akitafuta wepesi. Rudisha:

`sudo chown -R postgres:postgres /var/lib/postgresql/16/main`
`sudo chmod 700 /var/lib/postgresql/16/main`

Kama ulihamishia folda ya data kwenye `/mnt/c` ili uione kutoka Windows, chanzo ndicho hicho. Diski ya Windows ikisomwa kutoka Linux kwa mipangilio ya kawaida, mafaili yake huonekana yamefunguliwa kwa kila mtu, na `chmod` haibadilishi kitu. Isitoshe, kusoma na kuandika kupitia njia hiyo ni polepole mno. Folda ya data ikae upande wa Linux, chini ya `/var/lib/postgresql`. Ukitaka kitu cha kuweka upande wa Windows, weka nakala zilizotolewa kwa `pg_dump`.

*Diski imejaa.* Logi inasema `No space left on device` au `Read-only file system`, nawe ukiandika `df -h` unaona mamia ya gigabaiti yako wazi. Usiiamini namba hiyo. Mafaili yote ya WSL 2 yamo ndani ya faili moja kubwa upande wa Windows, linaloitwa `ext4.vhdx`. Faili hilo limeruhusiwa kukua hadi kikomo kikubwa, ambacho kwenye matoleo ya karibuni ni terabaiti 1, hata kama diski yako halisi ni ya gigabaiti 256. Linux inaona kikomo hicho, haioni diski yenyewe. Namba ya kweli unaipata hapa:

`df -h /mnt/c`

Ikiwa diski C imejaa, punguza mafaili upande wa Windows, andika `wsl --shutdown`, kisha ufungue upya. Fahamu pia kwamba `ext4.vhdx` kwa kawaida halipungui lenyewe, hata ukifuta mafaili ndani ya Linux.

*Faili la `postmaster.pid`.* Seva inapowaka huandika namba ya mchakato wake humo ili seva ya pili isiifungue folda hiyohiyo. Kompyuta ikizimika ghafla faili hubaki, na mara nyingi seva hulisafisha yenyewe: ukiona `Removed stale pid file`, hiyo ni taarifa tu. Lakini ikilalamika kwamba faili lipo tayari au ni tupu, kwanza hakikisha hakuna seva inayotumia folda hiyo:

`ps -u postgres -f`

Ukikuta orodha tupu kabisa, unaweza kuliondoa faili hilo moja. Ukiona mchakato wowote wa postgres, usiliguse. Seva mbili zikiandika kwenye folda moja zitaiharibu data kiasi cha kutotengenezeka.

*Toleo halilingani.* Logi inasema `database files are incompatible with server` na kukutajia kwamba data ilitengenezwa na toleo la 14 wakati seva ni ya 16. Hutokea baada ya kupandisha Ubuntu au kunakili folda kutoka mashine nyingine. Data yako ni nzima. Inahitaji kuhamishwa kwa zana yake, `pg_upgradecluster 14 main`, huku programu za matoleo yote mawili zikiwa bado zimesakinishwa. Zana hiyo itakataa kama tayari kuna seva ya 16 yenye jina `main`, ambayo Ubuntu huitengeneza yenyewe ikiwa tupu. Iondoe kwa `sudo pg_dropcluster --stop 16 main` baada tu ya kuingia ndani yake na kuthibitisha kwamba haina kitu chako.

*Lugha ya mfumo.* Logi inasema `invalid value for parameter "lc_messages": "en_US.UTF-8"`. Maana yake ni kwamba mpangilio wa lugha uliokuwepo seva ilipoundwa haupo kwenye Ubuntu hii. Utengeneze kwa `sudo locale-gen en_US.UTF-8`, kisha washa seva.

*Kosa la mipangilio.* Logi inakutajia faili na namba ya mstari: `syntax error in file`. Nenda kwenye mstari huo. Chanzo cha mara kwa mara ni alama za nukuu zilizopinda, zilizonakiliwa kutoka kwenye hati, badala ya zile zilizonyooka.

*RAM haitoshi.* Logi inasema `could not map anonymous shared memory: Cannot allocate memory`. Kwa kawaida WSL 2 hujipa hadi nusu ya RAM ya kompyuta. Laptopu ya gigabaiti 4 itaipa Linux takriban 2. Kama ulifuata ushauri wa seva kubwa ukaandika `shared_buffers = 4GB`, haiwezekani. Thamani ya awali ni megabaiti 128, na kwa masomo na majaribio inatosha kabisa.

5. Umeme ulipokatika katikati ya kazi

Anayetumia kompyuta ya mezani bila betri, au laptopu ambayo betri yake imechoka, atakutana na hili. Umeme ukirudi, logi itasema `database system was not properly shut down; automatic recovery in progress`. Huo si ubovu. Kila badiliko PostgreSQL huliandika kwanza kwenye folda ya `pg_wal` kabla ya kuligusa jedwali lenyewe, na sasa inayapitia mabadiliko hayo ili kurudisha hali sahihi. Ukijaribu kuingia utaambiwa `the database system is starting up`. Subiri. Ukiizima kwa nguvu, itabidi ianze kazi hiyo tena.

Folda hiyo ya `pg_wal` ina kisa cha kukumbukwa. Hadi toleo la 9.6 iliitwa `pg_xlog`, na watu waliokuwa wakitafuta nafasi kwenye diski waliifuta wakidhani ni logi za kawaida. Hifadhidata zao ziliharibika. Kwenye toleo la 10, lililotoka mwaka 2017, watengenezaji waliibadilisha jina. Usifute chochote humo kwa mkono, hata diski ikijaa.

Ukikuta `PANIC: could not locate a valid checkpoint record`, hapo hali ni nzito. Utasikia watu wakitaja `pg_resetwal`. Zana hiyo huilazimisha seva iwake kwa kuyatupa mabadiliko yaliyomo kwenye `pg_wal`, na inaweza kuacha data inayopingana yenyewe. Ni hatua ya mwisho, na haifanywi kabla ya kunakili folda nzima seva ikiwa imezimwa:

`sudo cp -a /var/lib/postgresql/16/main ~/main-nakala`

Kama una nakala ya `pg_dump` ya karibuni, irejeshe hiyo na uachane na `pg_resetwal`.

6. Inawaka, kisha inazima yenyewe

Wengine seva yao huwaka vizuri, lakini wakifunga dirisha la Ubuntu na kurudi baadaye wanaikuta imezimwa. Hiyo ni tabia ya WSL yenyewe. Dirisha la mwisho likifungwa na kukapita muda mfupi bila kazi, Windows huizima Linux, na huduma zilizo chini ya systemd haziizuii. Ukiwa na systemd, seva itawaka tena utakapofungua Ubuntu, mradi umeandika mara moja `sudo systemctl enable postgresql`. Usipokuwa nayo, kwenye Windows 11 unaweza kuweka `command = service postgresql start` chini ya `[boot]` ndani ya `/etc/wsl.conf`. Kama programu yako inaihitaji hifadhidata kutwa nzima, acha dirisha moja la Ubuntu wazi.

7. Ukikwama, omba msaada kwa ukamilifu

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Anayeandika kwenye kundi la WhatsApp la watengeneza programu kwamba "Postgres imegoma, nisaidieni" atapewa ushauri wa kubahatisha, na wa kwanza huwa ni kufuta na kusakinisha upya. Toa vitu vinne: jibu la `wsl -l -v`, jibu la `pg_lsclusters`, mistari ya mwisho ya logi pamoja na `DETAIL` na `HINT`, na ulichobadilisha kabla tatizo halijaanza. Nakili maandishi yenyewe badala ya kupiga picha skrini, ili anayekusaidia aweze kuyatafuta. Ondoa kwanza maneno ya siri na majina ya wateja.

Na ukishauriwa kutumia amri yoyote kati ya hizi, simama kwanza: `apt purge`, `pg_dropcluster`, `rm -rf` na `wsl --unregister`. Hiyo ya mwisho hufuta Ubuntu yote, hifadhidata ikiwemo, na haina njia ya kurudi nyuma.

Siku seva yako ikiwa nzima, ambayo huenda ni leo, tenga dakika chache uandike:

`sudo -u postgres pg_dumpall > ~/nakala.sql`

Nakili faili hilo kwenye diski ya nje au sehemu nyingine nje ya kompyuta hiyo, na ufanye hivyo kila wiki. Seva ya PostgreSQL husakinishwa upya bure kwa dakika chache. Data yako haisakinishwi upya na mtu yeyote, hivyo ilinde kabla hujaihitaji.